Mheshimiwa Waziri, waulizeni wanasayansi kabla ya kutangaza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Nairobi.

Nakuandikia wewe kwa kuwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iko chini ya wizara yako. Sheria ya mwaka 2013 iliipa tume hiyo kazi ya kuishauri serikali, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa uzamili: atakwambia ni pale pa kuombea kibali cha utafiti, basi. Akademia ya wanasayansi wetu, KNAS, iliyoanzishwa 1983, wengi hawajawahi hata kuisikia.

Hasara ya kutowauliza wanasayansi tuliiona kwenye GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Hofu ilitokana na utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, aliyedai kuwa panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Panya wenyewe walikuwa 10 tu wa kila jinsia katika kila kundi, tena wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi ikizeeka. Mwaka uliofuata jarida likaifuta makala hiyo. Marufuku ikabaki. Na tulikuwa na mamlaka ya usalama wa mazao hayo, iliyotokana na sheria ya 2009, kwa kazi hiyo hasa!

Oktoba 2022, ukame ukiwa umetubana, Baraza la Mawaziri chini ya rais mpya likaiondoa marufuku. Kesi zikafuata. Mimi naona uamuzi wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, ila kwa mama anayenunua unga dukani yote mawili yalikuwa matangazo ya wakubwa. Aliyeambiwa jana ni sumu, leo ni chakula, ataamini lipi?

Ombi langu ni hili. Suala la sayansi likifika barazani, NACOSTI na KNAS waulizwe kwa maandishi, wajibu kwa maandishi, na majibu yachapishwe kabla ya uamuzi, kwa Kiswahili pia. Wanaopingana na wenzao nao wasikike humo humo. Ushauri si amri. Bei na biashara mtazipima ninyi, na mna haki ya kuukataa. Mkiukataa, semeni mmeukataa, na mtaje sababu.

Tena akademia itengewe fedha zake. Kamati isiyo na hata nauli ya kukutana haiwezi kumjibu waziri kwa wakati.

Wako,
Mlipa ushuru, Nakuru