Barua kwa mwanangu: hewa ya kale iliyomo barafuni

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba mnachagua mada za utafiti wa kemia, na kwamba mwenzako anaiona barafu ya Kilimanjaro kuwa pambo la watalii tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Wajua kwamba hapa nyumbani maji ya mvua ya kwanza huwa tunayaacha yamwagike kabla ya kukinga tangi, kwa sababu yameteremka na vumbi la hewani. Theluji nayo huisafisha hewa vivyo hivyo, ila ya kileleni haitiririki: hufunikwa na nyingine, ikagandamizwa ikawa barafu, na ndani yake hubaki vumbi, sulfati (chumvi ya salfa) ya volkano na ya moshi wa makaa ya mawe, hata madini ya risasi, kila tabaka na zama zake.

Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walichimba miche sita ya barafu, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa kwa keekee, huko juu Kilimanjaro, wakakadiria kwamba ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Katika mmojawapo waliona kwa macho tabaka la vumbi la ukame mkali wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kwenye barafu ya Quelccaya, Peru, imeonekana risasi ya migodi ya fedha ya Potosí, Bolivia, enzi za Wahispania. Linalonigusa zaidi ni la barafu ya Colle Gnifetti, mpakani mwa Uswisi na Italia: risasi ilikaribia kutoweka hewani kati ya 1349 na 1353, tauni ilipowaua wachimbaji na wafuaji madini wa Ulaya.

Kazi yenyewe inataka uangalifu mkubwa. Mche husafirishwa ukiwa umeganda, sehemu ya nje hukwanguliwa kwa kuwa imeguswa na keekee na mikono, kisha ya ndani huyeyushwa na kupimwa. Jua likiyeyusha barafu ikiwa bado mlimani, maji hupenya chini na kuchanganya miaka, na Kilimanjaro ilikwisha kupoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2000. Kwa hiyo ichague mada hii sasa, mwanangu, na mwalimu wako akikubali, uniandikie jinsi wanavyotenganisha sulfati ya volkano na ile ya moshi wa viwanda.

Wako akupendaye,
Baba