Makopo 370 ya Rangi: Wito wa Harambee kutoka Walukuba, Jinja

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio hapa Jinja, mlio Kampala, na nyinyi mliohamia mbali lakini mkiulizwa kwenu bado mnataja Walukuba: hamjambo? Tunawaomba mtuchangie tutengeneze programu ya simu itakayoonyesha michoro ya kuta zetu na nani aliichora.

Ukishika njia ya kwenda mwalo wa Masese kuna duka ambalo huwezi kulipita bila kugeuza shingo. Sangara amechorwa ukuta mzima, kuanzia mkia mpaka kichwa, na dirisha la duka ndilo mdomo wake. Mama akikukabidhi sukari ni kama umeitoa kooni mwa samaki. Watoto hutiana moyo nani ataingiza mkono. Wageni waliokuja kuona chanzo cha Nile husimamisha gari, hupiga picha, hao wanaondoka. Mchoraji ni mwenzetu katika kikundi chetu cha wachoraji. Kazi ile alilipwa shilingi 60,000 na sahani ya chakula, rangi juu yake mwenyewe.

Mwaka juzi sangara yule yule akaibukia kwenye kalenda ya kampuni moja. Jina la mchoraji halikuwepo popote. Mwenzetu alipokwenda kuuliza, aliambiwa alete ushahidi kwamba kazi ni yake. Sasa, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ushahidi, hata hivyo, ni lazima uutafute wewe, na yeye hakuwa na picha hata moja ya siku aliyopaka. Wakampa kalenda moja bure. Ameitundika chumbani kwake, na ukimtembelea atakuonyesha kabla hujaketi.

Tulikuwa tumekaa nje ya duka hilo hilo siku tulipoamua kutengeneza programu ya simu. Ukiifungua, inakuonyesha michoro ya kuta iliyo karibu nawe: nani alichora, lini, mwenye ukuta aliruhusu au la, na picha za kazi ikiendelea tangu mstari wa kwanza wa chaki. Ukiipenda, unamtumia mchoraji pesa hapo hapo. Ukuta ukifunikwa na rangi za matangazo, na hapa mjini hilo hufanyika usiku mmoja tu, picha yake haiondolewi. Inabaki kwenye ramani ikiwa imeandikwa "umefutwa", na tarehe.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu tulichora skrini zote kwenye karatasi ya manila, tukazikata ukubwa wa simu na kuzipeleka stejini kwa madereva wa boda. Tulijifunza zaidi ya tulivyotaka. Ramani tuliyoipigania wiki nzima hakuna aliyeitazama. Wote waliuliza, "Ni karibu na wapi?" Kwa hiyo kila mchoro sasa utakuwa na maelezo ya mtu wa mtaani: nyuma ya msikiti, mkabala na kinyozi, ukifika kwenye bomba pinda kushoto. Kitufe tulikiandika "Changia", wakarudi nyuma kama waliokalishwa kwenye kikao cha harusi. Tukabadilisha kikawa "Mnunulie rangi", wakacheka na kubonyeza. Mzee mmoja hakugusa kitufe kabisa, aliweka kidole juu ya sangara mwenyewe. "Mimi namlipa samaki," akasema, "huyo mtu simjui." Basi ukigusa mchoro wenyewe, ukurasa wa malipo utafunguka. Mzee alikuwa sahihi kuliko sisi.

Kuna mengine tuliyoamua kwa sababu ya machungu. Binti mmoja kati yetu aliandika namba yake ya simu chini ya ukuta aliouchora, akitarajia kupata kazi. Alichopata ni simu za usiku wa manane, hadi akabadilisha laini. Katika programu yetu namba ya mchoraji haitaonekana na mtu yeyote, na hata jina ataandika lile analotaka yeye. Tangu 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, lakini hata isingekuwepo, tungefanya hivyo hivyo.

Pesa nazo hazitapita mikononi mwetu. Mmeshaona vikundi vikivunjika kwa sababu ya sanduku moja. Tangu mwaka 2020 mifumo ya malipo ina sheria yake chini ya Benki Kuu ya Uganda, nasi hatuna leseni ya kukaa na pesa za watu wala hatuitaki. Malipo yatakwenda kupitia kampuni yenye leseni, moja kwa moja hadi kwenye simu ya mchoraji. Makato yapo, tusidanganyane: kampuni itachukua chake, na mchoraji akienda kwa wakala serikali inakata asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa. Yote hayo yataonyeshwa kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri.

Vijana wetu walitamani programu yenye video na madoido. Mimi nilipinga, na napinga hadi leo. Tangu Julai 2021 bando linabeba kodi ya asilimia 12, na mtu hawezi kula bando lake la siku akitazama kuta tano. Kila picha itabanwa isizidi kilobaiti 150, na ramani ya Jinja, tunayoichukua OpenStreetMap ambako ni bure, utaipakua mara moja tu kisha itafanya kazi hata salio likiisha. Lugha ni Kiswahili, Lusoga na Kiingereza, na kitakachofunguka kwanza ni Kiswahili. Nyumba za Walukuba zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha babu zetu kuombana chumvi.

Sasa mfuko. Tunahitaji shilingi 9,600,000. Nusu yake, 4,800,000, ni ya vijana wawili watakaoiandika programu kwa miezi minne, 600,000 kila mmoja kwa mwezi, chini ya wanachoweza kupata kwingine. Seva na anwani ya mtandaoni kwa mwaka ni 900,000, simu mbili za bei ya chini za kufanyia majaribio ni 700,000. Google wanatoza dola 25 mara moja tu kuiweka programu kwao, tumetenga 100,000. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, kwa hiyo wenye iPhone mtatuvumilia. Wanaozunguka mtaani kuandikisha michoro watahitaji nauli na bando, 1,100,000. Zinazobaki, 2,000,000, ni rangi ya kufufua kuta kumi zilizochakaa, kwa sababu hatutaki kumwelekeza mgeni kwenye ukuta ambao chokaa yake imebanduka.

Wanachama tumeshachanga 2,200,000. Zimebaki 7,400,000.

Wenzetu wa Buganda walipotaka kuyajenga upya Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wao, yaliyoungua Machi 2010, walichangishana kwa jina la ettofaali, tofali. Kila mtu na tofali lake. Sisi ni watu wa rangi, kwa hiyo hesabu yetu ni kopo: kopo moja ni shilingi 20,000, na makopo 370 yanatufikisha. Asiye na kopo atoe brashi, shilingi 5,000. Kila atakayetoa, kopo au brashi, jina lake litaandikwa ukutani, upande wa mkia wa sangara. Mama mwenye duka amekubali, kwa sharti kwamba mkia wenyewe usiguswe.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, mbele ya duka hilo. Mweka hazina atakuwepo na kitabu cha risiti. Mlio mbali, pokeeni namba ya kikundi kutoka kwa mwanachama mnayemjua kwa sura, na msitume hata shilingi kwa namba mtakayoletewa na mtu mwingine. Wenye ukuta mtupu unaotazama barabara, tuambieni. Rangi iliyobaki baada ya kupaka nyumba tunaipokea pia, mradi haijakauka kopo, na tafadhali mfuniko uje nayo.