Kwa mdogo wangu, kabla hujasaini mkataba wa nyumba

Mdogo wangu mpendwa,

Umebakiwa na nyumba mbili za kuchagua: moja iko katika mtaa ambao bei zake zimekuwa zikipanda kila mwaka, lakini kodi ya mpangaji haifikii rejesho la mkopo, nyingine iko mahali ambapo bei hazisogei, ila kodi yake inalipa gharama zote na kubakiza kidogo. Najua moyo wako uko kwa ile ya kwanza, nami nakusihi usiinunue kwa masharti uliyopewa.

Sipuuzi kupanda kwa thamani. Ukitoa asilimia 20 ya bei na benki ikakukopesha 80, nyumba ikipanda kwa asilimia 5 mtaji wako umekua kwa asilimia 25 kabla ya riba na gharama nyingine, na ni kodi chache mno zinazoweza kufua dafu mbele ya hesabu hiyo. Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, hugeuka: bei ikishuka kwa asilimia 20, mtaji wako wote umeteketea na deni lingalipo. Nchini Japani bei za ardhi zilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na zikaendelea kushuka kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika kipindi cha namna hiyo, anayesalimika ni yule asiyelazimika kuuza, na kinachomwezesha kusubiri ni kodi inayolipa deni mwezi baada ya mwezi. Mshahara wako tayari unasomesha watoto. Usiutwishe na nyumba.

Ile ya pili nayo usiipokee kwa hesabu za dalali. Mwezi mmoja tu bila mpangaji hukata zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka, na fundi wa paa hatapunguza bei yake kwa sababu mpangaji wako analipa kidogo. Hapo ndipo nyumba nyingi za bei nafuu humeza faida yake yenyewe.

Kama bado unaitamani ya kwanza, ongeza malipo ya awali mpaka kodi ilipe rejesho, bima na matengenezo, hata kama itakubidi ungoje. Nitumie hesabu hizo, tuzipitie pamoja kabla hujasaini.

Kaka yako