Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Manchester, assalaam alaykum na Bwana asifiwe. Nawashukuru mliokuja. Kwa hesabu ya katibu tumo humu ukumbini watu 39, na daftari la chama lina majina 146. Jambo hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka kwa kuwa mnazijua. Tulifuturu pamoja Ramadhani, tukala Pasaka pamoja, na Julai tukaenda matembezini mpaka mvua ikatufukuza. Misiba ilikuwa minne. Michango yake, jumla pauni 2,460, ilipelekwa yote kwa wafiwa na haikugusa mfuko wa chama. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, watoto ni 17, walimu ni walewale wawili. Wazazi, tafadhali wawahini kuwachukua.

Sasa naingia kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu muache kupokea simu zangu.

Tarehe 14 Septemba kamati ilikaa ikaamua kwamba mwaka huu hatutafanya usiku wetu wa Desemba, ule wa kuunganisha Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 na Jamhuri ya Kenya ya tarehe 12. Fedha zake tulizielekeza kwenye mihadhara miwili ya sayansi kwa Kiswahili, wa kwanza Jumamosi ya tarehe 23 Novemba, wa pili tarehe 30. Ilisemwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba niliamua peke yangu. Si kweli. Tulikuwa wanakamati 7: watano walikubali, mmoja alipinga, mmoja hakupiga kura. Katiba yetu inairuhusu kamati kutumia hadi pauni 2,000 kwa jambo moja bila kusubiri mkutano mkuu. Tulitumia 1,840. Wazo lilikuwa langu, hilo nalikubali wala sioni kwa nini nilikane.

Niruhusuni nieleze lilikotoka. Kabla ya kuja huku nilifundisha fizikia Tanga kwa miaka 11. Mtoto anamaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Niliwaona watoto hodari, waliokuwa wakiuliza maswali mpaka kengele inapigwa, wakinyamaza kimya ndani ya mwezi mmoja. Akili ilikuwepo, lugha ndiyo iliyofungiwa mlango. Nimeishi na jambo hilo. Na mji huu tunaoishi, Manchester, ndipo mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov walipoitenga grafini, utando wa kaboni mwembamba kupita kiasi, wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Miaka 20 imetimia. Wengi wetu tunapita mbele ya majengo ya chuo kikuu chao tukienda kazini na kurudi, na hatujawahi kukaa tukaelezana kwa lugha yetu ni kitu gani kilichogunduliwa mle ndani.

Aliyetueleza, katika mhadhara wa kwanza, ni ndugu yetu wa Ruangwa anayemalizia shahada ya uzamivu. Hakuja na picha za ukutani. Alikuja na jiwe kutoka kwao, madini ya kinywe, yaani grafiti, yanayochimbwa Lindi na kutafutwa kwa hamu kule Mahenge, akalipitisha mkononi kwa kila mtu mpaka vidole vyetu vikawa vyeusi vinang'aa. Akasema kinywe ndicho kilichomo ndani ya penseli: ni karatasi za kaboni zilizopangwa juu kwa juu, na ndiyo maana zinateleza na kuacha alama. Karatasi moja ya namna hiyo, yenye unene wa atomu moja tu, atomu zake zimejipanga pembe sita kama masega ya nyuki, ndiyo grafini. Ukitaka rundo lake lifike milimita moja, panga karatasi milioni 3 hivi.

Watoto walipewa selotepu. Wakaibandika juu ya kinywe, wakaibandua, wakakunja na kubandua tena na tena, kila mara alama inafifia. Ndivyo walivyofanya Geim na mwenzake. Ugumu ulikuwa kuiona, kwa kuwa karatasi moja inanyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga. Wao waliibandika juu ya kipande cha silikoni chenye tabaka la oksidi la nanomita 300 hivi, na rangi ikabadilika kidogo chini ya hadubini. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Binti mmoja wa miaka 10 aliuliza kama kitu kisicho na unene kinaweza kuwa na nguvu. Akajibiwa kwamba grafini ndiyo nyenzo yenye nguvu kuliko karibu zote zilizowahi kupimwa, na kwamba nguvu yake inatoka kwenye vifungo kati ya atomu na atomu, havina pengo. Nilimtazama yule mtoto. Sikuwa nimesikia swali la namna ile kwa Kiswahili tangu nilipoondoka darasani.

Mzee wetu wa kisiwa cha Pate akauliza kuhusu maji ya visima vya pwani yanayoingia chumvi. Akaambiwa kwamba mwaka 2017 watafiti wa hapahapa Manchester walionyesha utando wa oksidi ya grafini unaozuia chumvi na kupitisha maji, kwa kuubana usivimbe ukilowa. Kazi ya kuufanya uwe wa bei nafuu na wa kudumu bado. Haya ni mazungumzo ambayo usiku wa muziki haujawahi kutupa.

Mhadhara wa pili ndio uliochoma zaidi. Ulihusu farasi wa mashindano, nguvu zao na majeraha yao, na niliandikiwa maneno makali. Wengine walisema mbio za farasi ni kamari, na chama chenye Waislamu wengi hakiwezi kuzigharimia. Wengine waliuliza sisi na farasi wapi na wapi. La kwanza nalijibu kwa heshima: hatukugharimia mbio, hatukuweka dau, hatukwenda uwanjani. Tulizungumzia mnyama anayevunjika mguu, na kumhurumia mnyama ni jambo ambalo dini zetu zote zinatuamrisha. La pili nalijibu kwa kuwatazama wanachama wenyewe. Tuna ndugu waliokulia Oman, ambako farasi ni wa nyumbani. Tuna waliotoka Nairobi, ambako mbio za Ngong zinaendeshwa mpaka leo. Na sisi sote tunaishi mwendo wa saa moja kutoka Aintree, Liverpool, ambako Grand National hukimbiwa, karibu kilomita 7 na viunzi 30, na ambako kuanzia 2024 idadi ya farasi imepunguzwa kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama.

Msemaji alikuwa dada yetu, daktari wa mifugo aliyesomea Kabete, Kenya, sasa anatafiti hapa kaskazini mwa Uingereza. Alitueleza kwamba farasi akiwa shoti, mguu mmoja wa mbele unabeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wake wote, na yeye ana kilo 500. Moyo unaopiga mara 30 hadi 40 kwa dakika akiwa ametulia unapanda kupita 220. Kila hatua ni pumzi moja, hawezi kupumua nje ya mwendo wake. Chini ya goti la mbele hana misuli ya maana, ana kano na mifupa, na kano ya nyuma ya muundi inavutika mpaka asilimia 16 hivi. Mwisho wa uwezo wake hauko mbali na hapo.

Lililoniingia moyoni ni hili: mara nyingi mfupa hauvunjiki kwa bahati mbaya ya siku ile. Unakuwa umeshapata nyufa ndogondogo kwa wiki nyingi za mazoezi. Mwili hujitengeneza kwa kuuchimba kwanza mfupa ulioharibika, halafu kujenga mpya. Katikati ya kuchimba na kujenga, mahali pale ni dhaifu kuliko mwanzo. Farasi akikimbizwa siku hizo, anakimbizwa juu ya mfupa wenye mashimo.

Hapo mzee wetu mmoja alisimama. Wengi mnamjua kwa kutengeneza baiskeli, ila hamkujua, wala mimi sikujua, kwamba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Ngong kwa miaka 14. Alisema kila alfajiri, kabla ya chai, alipapasa miguu minne ya kila farasi kwa kiganja akitafuta joto. Akilikuta, alimwambia mwenye farasi asimtoe. Mara nyingine alisikilizwa, mara nyingine hakusikilizwa. Dada yetu akamjibu kwamba joto lile ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa, na kwamba watafiti wanahangaika na vifaa vya kunasa kile ambacho kiganja chake kilikuwa kinakijua. Mzee aliketi akafuta macho. Kwa dakika zile peke yake ningeitetea pauni 1,840 mbele ya mkutano wowote.

Mihadhara miwili ilikutana hapo. Ndugu yetu wa Ruangwa alikumbusha kwamba mwaka 2014 watafiti wa Surrey na Dublin walivimbisha mipira ya kawaida ya kufungia noti, wakaingiza grafini ndani, na umeme unaopita mle ukawa unabadilika kila mpira ukivutwa. Bandeji ya namna hiyo kwenye kano ya farasi ingeweza kusema imevutika kiasi gani. Wawili hao sasa wanaandikiana. Walikutana kwenye chama hiki, na naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Sasa mahudhurio. Mhadhara wa kwanza walikuja 31, wa pili 58. Siwezi kuficha uchungu wangu. Wiki moja kabla, wenye ukumbi tuliokuwa tumelipia walituandikia kwamba wameutoa kwa kundi jingine. Nilizunguka kwa basi siku tatu nikapata mwingine, nikatoa pauni 200 za mfukoni mwangu kama amana, na viti nilivibeba mwenyewe pamoja na vijana wawili. Mke wangu na dada wawili walipika pilau ya watu 100. Waliolalamika zaidi kuhusu matumizi sikumwona hata mmoja.

Na ada. Ni pauni 30 kwa mwaka, haijapanda tangu 2016. Waliolipa ni 57, yaani pauni 1,710; wasiolipa ni 89, tunawadai 2,670. Tulianza mwaka na 3,215. Toa mihadhara 1,840, toa ukumbi wa mikutano 260, toa bima na posta 145, tumebaki na 2,680. Pauni zangu 200 ziko nje ya hizo 1,840 na sijazidai, ila naomba zijulikane. Mhazini ana risiti zote, na anayetaka kuziona asogee mezani badala ya kuandika usiku kwenye simu.

Kwa mwaka ujao kamati inatumaini kurudisha usiku wa Desemba na pia kuendelea na mihadhara, fedha zikipatikana. Tunatarajia kupata ukumbi wa kudumu. Tunafikiria safari ya watoto kwenye maabara, tukikubaliwa. Kijitabu cha istilahi 64 tulichochapisha kwa ajili ya mihadhara, kuanzia grafini na kinywe mpaka kano na muundi, tungependa kukipanua. Wenye maneno bora waniletee, hasa neno la nyenzo za vipimo viwili, kama grafini, ambalo bado halijaturidhisha. Nakala zilizobaki ni 43. Nimezileta, zipo pale mlangoni, hazilipiwi.

Naomba kuwasilisha.