Wafadhili, ada mmelipa, mtoto nimwache na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nina jambo limenikaa kooni siku nyingi na juzi nimekutana nalo tena kwenye gazeti lako hili hili, ile picha ya hundi ya mfano, watu sita wameishikilia kama wanahamisha mlango na katikati kuna dada kabeba mtoto, hajui acheke au afanyeje. Chini imeandikwa wafadhili wasomesha singo maza chuo kikuu. Nikasema leo naandika, manake huyo dada nilishawahi kuwa mimi. Sio kwa wafadhili hao wa kwenye picha, wangu walikuwa wengine na siwataji.

Nilikuwa mwaka wa pili, 2021/22, chuo kimoja hapa hapa Dar, dogo ana mwaka na miezi minne. Baba yake tumwache huko aliko. Ada ilikuwa inanitoa jasho, nikaomba ufadhili taasisi moja nikapata, ada nzima ya mwaka, na hapa naomba nieleweke jamani, nashukuru mpaka leo, bila wao ile kontroo namba ya kulipia ada ingebaki kunikodolea macho tu kwenye simu. Ila siku ya kukabidhiwa tuliambiwa tufike hotelini saa mbili asubuhi na watoto wetu, tukavalishwa tisheti zenye jina lao, zote saizi moja ya watu wazima, ya mwanangu ikamfika mpaka vidoleni, akawa anaikanyaga anaanguka, anainuka anaanguka, watu wanacheka na kamera zinampiga. Halafu tukasimama mmoja mmoja kusimulia tulivyozalishwa tukaachwa. Mwenzangu mmoja alisimulia kavu tu, hakulia, mratibu akamsogelea akamwambia dada hebu weka hisia kidogo. Tumetoka pale saa nane, chai na sambusa tumekula, nauli ya kurudi Mbagala nimekopa kwa huyo huyo aliyekosa hisia.

Wiki tatu baadae nina testi. Mtoto nilikuwa namwacha kwa bibi mmoja jirani, asubuhi hiyo nagonga mlango naambiwa bibi kasafiri usiku, kafiwa, yuko njiani Lushoto. Nifanyeje sasa, nikambeba, gari mbili mpaka chuo, nikakaa siti ya nyuma kabisa, nimempa kifuniko cha peni anatafuna. Swali la kwanza akatulia, la pili akatulia, la tatu kifuniko kikadondoka chini ya meza ya mtu mwingine, ikawa kilio. Msimamizi akaja akanambia kwa sauti ya chini, wala hakuwa mkali, mama hii haiwezekani, wenzako wanashindwa. Ni kweli walikuwa wanashindwa. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka. Testi ilienda hivo, kozweki ikawa mbovu, mwisho wa semista somo hilo nikala sapu, yaani mtihani wa kurudia, na ada yangu ilikuwa imelipwa YOTE, hakuna hata shilingi nadaiwa.

Hapo ndo penye hoja yangu Mhariri. Singo maza akikwama chuo watu wanafikiri kakwamishwa na ada, na ni kweli ada inakwamisha, lakini ukishailipa hujamaliza, kinachomtoa darasani baada ya hapo ni kitu kidogo kidogo cha kila siku, nani anakaa na mtoto, maziwa yameisha, mtoto kachemka usiku, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na hivi vyote havina kontroo namba. Mfadhili akishatuma hela moja kwa moja chuoni anaona kazi kaimaliza, ripoti imeandikwa kanufaika mwanafunzi mmoja, kumbe mnufaika yuko nje ya ukumbi anabembeleza.

Hebu tupige hesabu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, bumu lake la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23, na tunashukuru. Ila hiyo ni ya mtu mmoja. Dar hapa Desemba 2023 nauli ya chini kabisa ya daladala ilipanda ikawa 600, sasa kwa nauli hiyo anayepanda gari mbili kwenda na mbili kurudi hiyo ni 2,400 imeondoka kabla hajanunua hata andazi. Dei kea ya mtaani kwetu, sio zile zenye bembea na katuni ukutani, ni 2,500 kwa siku. Imebaki 5,100, wale wawili, walipe kodi, watoe kopi za noti, na pampasi usiulize. Na huyo ndo aliyepata mkopo, ambaye hajapata tumwache kwanza.

Mimi aliyenivusha hakuwa mtu wa hundi ya mfano. Ni mwalimu mstaafu, mama mmoja anakaa mtaa wa pili, alikuwa ananiona napita. Siku moja akaniita, we binti mbona siku hizi nakuona nyumbani mchana, chuo huendi? Nikamwambia naenda Mwalimu ila leo nimekosa wa kumwachia mtoto. Akauliza, dada wa kushinda nae ni shilingi ngapi kwa mwezi? Nikamwambia sitini. Akaitikia haya, akaendelea kuchambua mchele wake, nikajua yameishia hapo. Tarehe tatu mesej ikaingia, 60,000, na nyuma yake ujumbe wake wa maneno mawili, "Ya dada." Kila tarehe tatu, miezi yote ya semista, mpaka namaliza mwaka wa tatu. Hakuwahi kuomba picha wala kuuliza habari za baba mtoto, swali lake lilikuwa moja tu tukikutana, UE lini, yaani mitihani ya mwisho wa semista? Na nikifeli somo alikuwa ananisema vibaya sana, nisimpambe.

Sasa 60,000 mara miezi minne ya semista ni 240,000, kwa mwaka 480,000. Ada yangu ilikuwa milioni moja na laki tatu. Sisemi wafadhili waache kulipa ada, nasema nusu ya hapo au hata pungufu ndo ilikuwa inailinda ile milioni na laki tatu isimwagike. Unamlipia mtu ada unamnyima laki mbili na arobaini za kukaa darasani, hapo umejenga nyumba umeacha bati.

Na sio kwamba naleta kitu kigeni. Hapa hapa kwetu vile vyuo vya maendeleo ya wananchi, 54 nchi nzima, vina mpango unaitwa Elimu Haina Mwisho ambapo mabinti waliokatisha shule wakapata watoto wanarudi kusoma wanakuja na watoto wao, mtoto anabaki chekechea ya humo humo chuoni na mama anaingia darasani au karakana. Aliyefikiria hivo alishaelewa kwamba ukimwita mama umemwita na mtoto. Ila mpango ule ni wa ngazi ya chini, ukifika chuo kikuu ni kama unategemewa mtoto umemsahau mahali. Chuo nilichosoma mimi kulikuwa na benki, saluni na mahali pa kutengeneza simu, pa kumlaza mtoto mchana hapakuwepo.

Hata huko wenzetu Marekani, ambako tunapenda kuiga mambo yasiyo na msingi, jambo hili wamelifikiria siku nyingi. Kuna yule Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge lao, 1916, wakati sehemu kubwa ya nchi mwanamke hata kupiga kura bado. Alipofariki 1973 aliacha sehemu ya mali yake Georgia, ikatoa dola 16,000, sio hela ya kutisha, na 1976 ukaanzishwa mfuko wa kusomesha wanawake wa kipato cha chini waliokwishapita umri wa ujana, kwa miaka mingi sharti lao lilikuwa uwe umefikisha 35. Yaani 35 ndo mlango unafunguliwa, na huku kwetu kwenye miongozo ya mkopo 35 ndo mlango unafungwa. Singo maza wengi ninaowajua wanapata akili na nafasi ya kurudi chuo mtoto akishakuwa mkubwa wa kujipikia uji, sasa hapo umri ushakimbia. Kuna na jimbo la Arkansas, wao 1990 walianzisha mfuko wa jimbo zima wa wazazi wanaolea peke yao tu, na hela yake mzazi anaruhusiwa kulipia wa kukaa na mtoto, mafuta ya gari, kodi. Akiona kinachomzuia ni gari bovu, anatengeneza gari.

Najua kuna watakaosema ukimpa hela mkononi ataenda kusuka. Labda, wapo. Ila dawa yake ni rahisi, mpe ya semista moja, matokeo yakitoka akuletee, amekaa darasani mpe nyingine, hajakaa mkae chini mzungumze. Mwalimu wangu alinifatilia vizuri kuliko ile taasisi yote na ofisi zao, kwa swali moja tu. Na wengine watasema tukisaidia hawa tunahamasisha watu wazae ovyo, hao naomba waje wakae na mimi usiku mmoja tu wa mtoto anayeota meno kesho yake una prezentesheni, halafu wanambie kama kuna mtu anahamasika.

Nisisahau na wababa. Darasani kwetu kulikuwa na kaka kafiwa na mke ana watoto wawili, kila fomu ya ufadhili aliyoiona imeandikwa mama, na yeye kusimama mbele ya watu aseme analea peke yake alikuwa haoni kama kuna atakayemwelewa. Aliahirisha mwaka, sijui kama alirudi. Andikeni mzazi tu jamani.

Na kwanini nasema sasa hivi. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Ndalichako, alitangaza wanafunzi waliopata ujauzito waruhusiwe kurudi kwenye shule za kawaida. Hesabu na mimi, binti aliyerudi kidato cha tatu Januari 2022, kidato cha nne 2023, tano 2024, sita anamaliza Mei 2026. Kwahiyo hao wanakuja vyuoni, tena wamepambana kuliko sisi, na mtoto wa huyo binti ana miaka kama mitano hivi, hanyonyi tena, yuko chekechea, anatoka saa sita mchana wakati mama yake ana lekcha mpaka saa kumi na moja. Ada atalipiwa, nina uhakika, picha ya hundi ya mfano ni nzuri hivo. Masaa matano ya kutoka saa sita mpaka saa kumi na moja nani anayalipia?

Mimi nilimaliza, nina kazi, sio kubwa. Kuna binti mmoja yuko mwaka wa kwanza namtumia 30,000 kila tarehe tatu, ndo uwezo wangu umeishia hapo, nusu nyingine anatoa shangazi yake. Mwalimu bado yupo, miguu inamsumbua, na bado akiniona anauliza UE lini, akimaanisha za huyo binti. Na dogo nae keshaanza chekechea, ile tisheti ya hotelini analalia, jina la wafadhili limeshafutika lote na bado inamfika magotini.

Mama Dogo,
Mbagala, Dar es Salaam