Kibodi inaandika kwenye laptopu, kwenye kishikwambi kimya: anzia kwenye waya

Kibodi ya mekanika inayoandika vizuri kwenye laptopu haijafa kwa sababu tu umeichomeka kwenye kishikwambi ikanyamaza. Kabla ya kumlipa fundi, kagua waya, kisha umeme. Swichi, yaani vile vipande vilivyo chini ya kila kitufe, zishuku mwisho kabisa.

Laptopu hutoa volti 5 kwa chochote kinachochomekwa kwenye tundu lake la USB ya kawaida, lile pana. Kishikwambi hutumia tundu lilelile kupokea chaji na kutoa umeme, kwa hiyo lazima kwanza kijue zamu hii kinatakiwa kufanya lipi. Kwenye tundu la Micro-USB, anayekijulisha ni adapta ya OTG, ile inayokiwezesha kishikwambi kulisha kifaa kingine umeme: ndani yake pini ya 4 imeunganishwa na ya 5. Waya wa chaji wa kawaida hauna kiungo hicho, hata uwe mpya na wa bei kubwa.

Kwenye Type-C kibodi hujitambulisha yenyewe, kwa rizista mbili za kilo-omu 5.1. Baadhi ya kibodi za bei nafuu hazikuwekewa rizista hizo. Utazijua haraka: kwa waya wenye Type-C pande zote mbili haziwaki hata taa, ila kwa waya wenye USB ya kawaida upande mmoja zinawaka bila shida. Tumia huo wa pili na adapta ndogo ya OTG ya Type-C, basi.

Umeme ndio unaowachanganya wengi, hasa wenye iPad ya tundu la Lightning. Unachomeka kupitia adapta ya kamera, ile inayoipa iPad tundu la USB, unapata ujumbe kwamba kifaa kinataka umeme mwingi mno. Unazima taa za rangi, ujumbe hauondoki. Sababu ni kwamba kibodi hutangaza mahitaji yake mara tu inapochomekwa, na iPad huamua kwa tangazo hilo, taa ziwe zimewaka au zimezimwa. Kibodi inayotumia QMK, programu huria inayoendesha kibodi kwa ndani, hutangaza miliampia 500 kama mtengenezaji hakubadilisha.

Njia nyepesi ni adapta ya kamera yenye tundu la pili la chaja, chaja ikiwa imechomekwa, au habu (kigawanyo cha matundu ya USB) yenye umeme wake. Ukitaka kuondokana na adapta hiyo nene, na kibodi yako ni ya QMK, fungua faili lake la config.h, weka USB_MAX_POWER_CONSUMPTION kuwa 100, kompaili (geuza kuwa programu), kisha iflashi kibodi upya, yaani ipakie programu hiyo. Lakini hapo taa uzipunguze kweli. Ukitangaza 100 huku taa zote nyeupe zinang'aa kwa nguvu zote, kibodi itakuzimikia katikati ya neno.

Kama kibodi yako ina Bluetooth, huondoa mzozo wote huu. Kwenye kibodi nyingi za Keychron, sogeza kitelezi cha pembeni kwenye BT, shikilia Fn na 1 kwa sekunde 4, kisha itafute kwenye kishikwambi. Kwa iPad weka kitelezi cha pili kwenye Mac, la sivyo Command na Option zitabadilishana nafasi.

Kupanga vitufe upya kwa VIA, programu ya kubadilisha kazi za vitufe, kunafanyika kwenye kompyuta, ndani ya Chrome au Edge. Usihangaike kuifungua kwenye iPad, haitaiona kibodi. Mpangilio hukaa kwenye kumbukumbu ya kibodi yenyewe, kwa hiyo ukiihamishia kwenye kishikwambi unakwenda nao.

Kama kitufe kimoja tu hakiandiki, na hakiandiki kokote, hapo sasa ni swichi. Kwa kibodi ya soketi, ambayo swichi huchomekwa na kung'olewa bila kuchomelea, ing'oe swichi wima na utazame pini mbili za shaba: aghlabu moja imejikunja wakati wa kuchomeka. Inyooshe taratibu kwa kibano. Ikikunjwa mara kadhaa hukatika. Unaporudisha, kama bodi iko nje ya kasha, shikilia soketi kwa kidole upande wa nyuma, maana ukisukuma kwa nguvu unaibandua soketi, na kuirudisha kunataka kuchomelea. Swichi yenye miguu mitano haiingii kwenye bodi ya mitatu: kata ile miwili midogo ya plastiki kwa kikata kucha, pini za shaba usiziguse.