Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Minyoo Mabandani Mwetu

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Sina la kuongeza. Mimi nitazungumzia minyoo, maana tangu masika hakuna kilichotusumbua kuwazidi.

Hapa Mgeta wengi tuliamini mbuzi wa maziwa akifugwa ndani, kwenye banda la kuinuliwa, minyoo hawampati. Nami niliamini hivyo. Mwezi wa tano jike wangu aliyezaa mara mbili aliamka na uvimbe laini chini ya taya, kama kifuko cha maji. Nikamfunua kope ya chini: ndani peupe kabisa, dalili ya kuishiwa damu. Kesho yake akafa. Mtaalamu wa mifugo alipompasua, tumbo la nne (mbuzi ana matumbo manne) lilikuwa limejaa minyoo wembamba kama uzi, wale wanyonya damu. Waliingia na majani niliyokuwa nakata bondeni alfajiri, umande haujakauka.

Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka na kinyesi cha mbuzi. Penye joto na unyevu, wiki moja hivi inatosha kupata minyoo wachanga wanaopanda jani kwa kufuata maji. Basi tukate majani jua likishawaka, tena juu juu, tusikwangue hadi chini. Na samadi mbichi isimwagwe kwenye shamba la majani.

Kwenye dawa ndiko tunakokosea zaidi. Tunakadiria uzito kwa macho, mbuzi wa kilo 40 anapewa dawa ya kilo 25. Minyoo dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Tena mwili wa mbuzi humaliza albendazole, dawa ya minyoo, upesi kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo hakimtoshi. Kila mmoja amuulize mtaalamu. Na mwenye mimba changa asinyweshwe albendazole.

Naomba pia tuache kunywesha banda zima siku moja. Wenzetu wa Afrika Kusini walibuni kadi ya FAMACHA, yenye rangi tano za ndani ya kope, kuanzia nyekundu hadi nyeupe. Mbuzi wa rangi ya nne na ya tano lazima anyweshwe; mwekundu aachwe, ili minyoo wasiozoea dawa wasitoweke wakabaki sugu peke yao. Wakati wa mvua tuwaangalie kila wiki mbili.

Kamati inaomba idhini yenu leo tununue kadi hizo na mizani ya kuning'iniza. Mizani itakaa kwa katibu, kwake ni njia panda, kila mtu atafika.